Sufuria ya Kitoko

Majirani zetu wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, wameshaizoea harufu ile. Jumamosi jioni, sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zinapokaukia motoni ndani ya unga wa mahindi na boga, wanajua hapo hakuna chakula cha mtu. Mgeni ndiye anayeuliza: "Munapika nini hapa?" Akiambiwa ni biskuti za mbwa, ananyamaza kwanza, anatutazama mmoja mmoja. Kuna wanaocheka. Kuna wanaokasirika, na hasira yao siishangai. Goma ni mji ambako unga unanunuliwa kwa kopo, mji ambako mama anajua watoto watakula nini leo lakini ya kesho hajayajua. Mtu anayeishi hivyo ukimwambia umewasha makala, makaa ya kupikia, kwa ajili ya mbwa, ana haki ya kukuuliza akili zako ziko wapi.

"Imbwa munaipikia biskwi? Na sisi batu tutakula nini?" alisema fundi mmoja aliyekuja kumwona Baba.

Huwa najibu kwa kumsimulia Kitoko. Lakini habari zake hazitoshi kusimuliwa mlangoni, mtu akiwa amesimama na mzigo wake kichwani, ndiyo maana leo nimeziandika.

Kitoko alikuja kwetu Novemba 2012, majuma yale waasi wa M23 walipouteka mji kwa mara ya kwanza. Baba anatengeneza chukudu, chombo cha mbao cha kusukumia mizigo. Wasiofika Goma wataijua kwa ile sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma mzigo, iliyosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji. Kwetu chukudu si sanamu, ni ada ya shule. Baba anachonga mti wa mkaratusi, anatoa fremu, anatoa magurudumu mawili, anayavisha mpira wa matairi ya zamani. Siku ile alikuwa ametoka kutafuta mbao, akarudi bila mbao, ila na mtoto wa mbwa ndani ya koti. Jike. Rangi ya kahawia, kifua cheupe, mkia umejikunja mgongoni. Alimkuta mtaroni peke yake, na watu siku hizo walikuwa wanapita haraka bila kutazama mtaroni. Akamweka kwenye lundo la vumbi la mbao, akasema alale hapo mpaka tutakapojua la kufanya naye. Hatukuwahi kukaa kulijadili. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa akiimba nyimbo za Kilingala kutwa nzima, akamwita Kitoko, maana yake uzuri, na mbwa akaitika.

Mbwa wa sura yake wako tele huku kwetu: masikio yaliyosimama, manyoya mafupi, miguu myembamba inayotembea kwa mwendo wa kuringa. Ndugu zao walichukuliwa kutoka misitu ya Kongo, wakaanza kuzalishwa Uingereza miaka ya 1930, na sasa wanajulikana duniani kwa jina la basenji, mbwa asiyebweka, anayetoa sauti ya kupanda na kushuka badala ya kubweka. Wana vyeti vya ukoo na mashindano yao. Kitoko hakuwa na cheti cha ukoo, na alibweka. Tulimshukuru Mungu kwa hilo. Nyumba yetu ni ya mbao, juu ya mawe ya volkano, na ubao hauzuii mtu mwenye nia mbaya. Usiku mmoja wenye silaha walikuwa wameshavuka ukuta wa jirani. Kitoko alibweka kwa namna ambayo hajawahi kubweka, Mama akaanza kupiga sufuria kwa mwiko, jirani akaitikia kwa sufuria yake, na mtaa mzima ukalia kwa vyuma mpaka wale watu wakaondoka. Asubuhi wamama walikuja kumwona mbwa. Mmoja alimletea kichwa cha tilapia kwenye sahani, sahani ya nyumbani kabisa, akaiweka chini mbele yake. Mimi nilikuwa bado mdogo lakini niliiona ile sahani, na nilielewa kwamba mbwa wetu amekuwa mtu wa mtaa.

Sasa nifike 2021.

Tarehe 22 Mei, Jumamosi, kama saa moja jioni, anga la upande wa volkano ya Nyiragongo likawa jekundu. Watu wazima wa mtaa wetu hawakuhitaji kuambiwa. Wao waliuona Januari 2002, siku mto wa moto ulipokatiza uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukaacha mawe haya meusi tunayojengea kuta. Safari hii ulisimama Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Tukadhani yameisha. Yakaanza matetemeko, mchana na usiku, nyufa zikafunguka barabarani, kuta za matofali zikaanguka. Ubao hapo ulikuwa baraka. Kitoko aligoma kuingia ndani. Alilala uani, tumbo limegusa mwamba, na mara nyingi aliinuka na kusimama kidogo kabla sisi hatujasikia chochote. Koko, mama yake Baba, akawa anamtazama mbwa badala ya kusikiliza redio.

Alhamisi ya tarehe 27, alfajiri, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa kumi ihame mara moja. Mapendo ilikuwamo. Wengine wakaelekea mpakani kuingia Rwanda, wengine bandarini kutafuta boti za Bukavu. Sisi tulishika njia ya Sake, kwa kuwa Koko alikuwa na watu wake huko. Koko hakuweza kutembea mwendo ule, ni kama kilomita 25, kwa hiyo Baba alimketisha juu ya chukudu pamoja na godoro na sufuria mbili, tukasukuma. Barabara nzima ilikuwa watu. Mama alikuwa amesema wazi kwamba mbwa abaki kulinda nyumba. Tulipofika kwenye kona ya pili Kitoko alikuwa ubavuni mwa gurudumu, upande wa Koko, wala hakuna aliyemwita. Mama alimtazama, kisha akatazama mbele. Halikusemwa neno.

Njia ile ina jambo ambalo watoto wa Goma wanafundishwa mapema: mazuku. Kati ya mji na Sake, karibu na ziwa, yako mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka ardhini na kutulia chini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haina rangi. Mtu mzima anaweza kupita ukingoni salama huku mbuzi akianguka miguuni pake, maana pua ya mbuzi iko chini. Ya mbwa vilevile. Baba alimfunga Kitoko kamba fupi na kumkataza kushuka pembeni mwa barabara hata kunywa maji. Baadaye nilisoma kwamba Italia, karibu na Napoli, kuna pango lenye hewa ya namna hiyo, na kwa miaka mingi waongozaji walikuwa wanaingiza mbwa ndani yake mpaka azimie ili watalii waone, kisha wanamtoa azinduke. Linaitwa hadi leo Pango la Mbwa. Niliposoma hapo nililaza simu kifudifudi, nikatoka nje kumtafuta wa kwetu.

Sake tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Mama mmoja akasema mbwa asilale mahali palipo na watoto. Alisema kwa sauti ya juu, na alikuwa na sababu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na karibu wagonjwa wote duniani wanakipata kwa kuumwa na mbwa. Mama yule hakumjua Kitoko. Baba hakubishana naye. Alifungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga kiunoni, mle alimoweka kadi za mpiga kura za nyumba nzima, ndizo vitambulisho vyetu, na kati ya kadi hizo akatoa kadi ya chanjo ya Kitoko. Mihuri ya kila mwaka. Sikujua kabisa kwamba aliibeba. Watu wanakimbia volkano, wanaacha vyeti vya ndoa, na Baba yangu ameikumbuka karatasi ya mbwa. Mama yule aliisoma yote, akairudisha, akasema basi alale mlangoni. Kitoko akalala mlangoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini tunampikia mbwa, ninachotaka kusema ni kwamba huyu hakuwa mbwa wa kutupiwa mabaki. Alikuwa na deni lake kwetu, na sisi ndio tuliodaiwa.

Tuliporudi mjini, mwezi wa sita, maisha yalishika njia yake. Kitoko alikula tulichokula: bugali na maji ya samaki, viazi vitamu, maharage yaliyobaki. Wako watu wanaosema kwamba mbwa ni mla nyama na kumpa bugali ni kumdhulumu. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayosaidia kusaga wanga, kuanzia nne hadi thelathini, wakati mbwa mwitu ana mbili tu. Mwili wa mbwa ulibadilika kwa kukaa na wakulima maelfu ya miaka, akila walichokula. Alipokuwa anailamba sufuria ya bugali uani kwetu, Kitoko alikuwa anafanya kile alichoumbika kukifanya.

Tatizo la chakula chetu si bugali. Ni mchuzi. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kitunguu saumu vilevile. Chumvi nyingi si nzuri kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti ina theobromini ambayo mwili wake unachelewa kuitoa. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kuanikwa vizuri una sumu, kwake na kwetu. Haya nilijifunza kwa daktari wa wanyama aliyekuja kumwona Kitoko alipoanza kuzeeka, mtu mpole sana, aliyekaa chini kwenye vumbi la mbao ili asimtishe mbwa.

Alizeeka mwaka 2023, kwa ghafla. Uso ukawa mweupe, macho yakaingia ukungu, masikio yakafa. Meno yalikuwa yamekwisha, mengine yamekatika. Akaanza kuacha chakula. Anakuja mpaka kwenye bakuli, anainusa bugali, anarudi kulala. Daktari alisema mbwa mzee anakula kwa pua kwanza, tumpe kitu chenye harufu kali, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Yaya yangu akakumbuka kwamba Kitoko alipokuwa mtoto alikuwa haachi kuzunguka sinia la Mama la sambaza. Ndipo tukaanza.

Nieleze kwanza kuhusu sambaza, maana zina historia yao. Hazikuwa za ziwa letu. Zilitoka Tanganyika, zikaletwa Kivu karibu na mwaka 1959, zikazaana, na leo ndizo zinazolisha mwambao mzima. Wavuvi wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanawasha taa juu ya maji, samaki wanaifuata taa, wavu unainuliwa kutoka chini. Asubuhi wamama wanazichukua sokoni Kituku. Kwa mbwa zinafaa kuliko nyama: ndogo, unazisaga nzima na mifupa yake laini, na harufu yake inafika mbali. Ninachukua zilizoanikwa juani bila chumvi. Zilizokaangwa za kuuzwa barabarani zina chumvi na mafuta, hizo ni zetu.

Ninatwanga sambaza kwenye kinu mpaka ziwe unga, kikombe kimoja. Vikombe viwili vya unga wa mahindi, kimoja cha ngano ili ushikane. Boga la kuchemsha, lililopondwa, kiasi cha kikombe na nusu, linaleta utamu na unyevu kwa pamoja, maji sitii mpaka nione. Yai moja. Siku za neema kijiko cha karanga zilizosagwa, za sokoni, zilizosagwa mbele yangu. Karanga za chupa zinazotoka ng'ambo, baadhi yake zinatiwa zailitoli badala ya sukari, na zailitoli inaua mbwa kwa kiasi kidogo sana. Chumvi hakuna. Sukari hakuna. Hamira hakuna: donge lenye hamira likiliwa bichi linaendelea kuumuka tumboni mwa mbwa na kutoa pombe. Ninakanda mpaka donge liache kung'ang'ania vidole, ninalisukuma kwa chupa unene wa kidole kidogo, ninakata kwa kifuniko cha dawa.

Unga uchaguliwe vizuri. Mahindi au karanga zenye ukungu zina sumukuvu, nayo inaharibu ini. Nimesikia mara nyingi, "Hii imeoza, mupe imbwa." Hapana. Kilichooza kitupwe.

Furu, tanuri ya kuokea, hatuna. Babula, jiko la makala, inatosha. Chini ya sufuria kubwa ninatandaza vijiwe vya volkano, vile vyepesi vyenye matundu, vilivyooshwa na kuanikwa juani siku kadhaa. Jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka likipata moto. Juu ya vijiwe naweka sahani ya bati yenye biskuti, nafunika, kisha napanga makala machache yaliyoshika moto juu ya kifuniko ili joto litoke pande zote mbili. Moto uwe mdogo. Hapa subira ndiyo kazi yenyewe: biskuti haichomwi, inakaushwa. Zikishageuka rangi ninaondoa makala ya juu, ninaacha sufuria ilivyo, moto ufe wenyewe usiku kucha. Asubuhi zinagongana kwa sauti ya vigae. Zikiwa kavu namna hiyo zinakaa kwenye kopo majuma mawili hadi matatu. Msimu wa mvua ninazikagua kila siku kwa sababu unyevu wa Goma unaingia popote. Kwa Kitoko, ambaye hakuwa na meno, tulizilowesha kwenye maji ya samaki ya vuguvugu. Daktari alitukumbusha kwamba vitu vya namna hii visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha mbwa kwa siku. Kwake tulipitisha, kwa ruhusa ya daktari huyohuyo, maana kuna siku hakula kingine.

Biskuti za mbwa zina asili yake, na asili hiyo inanipendeza. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 Mmarekani mmoja, James Spratt, alikuwa London, akaona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu zilizotupwa na mabaharia. Miaka ya 1860 akaanza kutengeneza zake, za ngano, mboga na nyama, akawauzia mabwana wenye mbwa wa kuwinda. Biashara kubwa ya leo ilizaliwa hapo, kwenye mabaki ya watu wa kazi na mbwa wenye njaa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hii ni desturi ya matajiri. Ilianza bandarini.

Hata huku kwetu mbwa wanaotunzwa kwa heshima wapo. Rumangabo, makao ya Hifadhi ya Virunga, wako mbwa wa kunusa waliofundishwa tangu 2011 kufuata nyayo za majangili pamoja na walinzi. Hakuna anayeuliza kwa nini wao wanapikiwa. Wanafanya kazi, watu wanasema. Kitoko naye alifanya kazi.

Januari 2025 vita viliingia mjini tena. Sitaandika yote. Umeme ulikatika, maji yakakatika, maduka yakafungwa, na risasi zilipita juu ya mabati siku ambazo hatukuthubutu hata kufungua mlango kwenda uani. Tulilala sakafuni, Kitoko katikati yetu. Uziwi wake ulimsaidia. Alisikia mitetemo tu, akainua kichwa, akatazama nyuso zetu, akalala tena. Unga uliisha. Kulikuwa na kopo la biskuti zake, nilizikausha siku chache kabla. Mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kula moja. Nilitazama kopo, nikawaza kilichomo: mahindi, ngano, boga, yai, sambaza. Vitu safi, nilivyochagua kwa mkono wangu. Tukazila sote. Mama alizigawa, na hesabu ya Mama ilikuwa na fungu la Kitoko, sawa na la kila mtoto, alilolilowesha yeye mwenyewe kwenye maji kidogo tuliyokuwa nayo. Mama alitafuna yake polepole akasema inakosa chumvi tu, la sivyo ni chakula.

Baada ya siku zile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeuliza tena kwa nini ninampikia mbwa.

Kitoko alikufa mwezi wa saba, kiangazi, wakati vumbi jeusi linaingia kila mahali. Aliacha kula kabisa, hata sambaza. Daktari alikuja, akamsikiliza, akatuambia figo zimechoka na tusimsumbue na sindano nyingi. Alikufia kwenye vumbi la mbao, mchana, Baba akiwa anachonga gurudumu hatua mbili kutoka hapo. Baba aliweka panga chini, na siku hiyo hakulishika tena.

Kumzika Goma ni kazi. Kiwanja chetu chote ni mwamba wa 2002, jembe halina la kufanya hapo. Kijana mmoja akashauri kwa nia njema tumpeleke dampo, mbwa wengi wanaishia huko. Baba akasema hapana, na sauti yake haikuwa ya kujadiliwa. Akaazima baramini, chuma cha kuvunjia mawe, yeye na kaka zangu wakapokezana tangu saa nane mpaka giza. Chuma kinapiga, cheche zinaruka, jiwe linatoa kipande cha ukubwa wa ngumi. Wanaume wawili wa mtaani, mmoja wao yule fundi aliyetuuliza sisi watu tutakula nini, walisikia mlio wa kazi ile, wakaingia bila kuitwa, wakapokea chuma. Mama alitoa udongo wake, ule alioununua kwa magunia ili apande mboga ya lengalenga, akasema wautumie. Tulimfunika kwa kitenge cha Koko, ambaye naye alikuwa ametangulia. Udongo, kisha mawe.

Nililia sana, na nililia mbele ya watu. Kuna waliosema, "Ni imbwa tu, mama." Walinionea huruma, najua. Lakini katika mji huu tumefundishwa kupima misiba, huu wa haki ya machozi, huu hapana, na mimi nimechoka kupima. Nimewalilia watu. Nimemlilia Kitoko pia. Machozi ya mmoja hayakumpunguzia mwingine. Vilevile nimeishi hapa vya kutosha kuona kwamba anayemnyima mbwa si lazima awe ndiye anayempa jirani. Mara nyingi mkono ni uleule mmoja, umefunguka au umefumba.

Jumamosi iliyofuata sikutaka kusogea jikoni. Ni Mama aliyewasha babula. Mama, ambaye miaka yote alisema mbwa ni wa nje. Alikuwa ametwanga sambaza mwenyewe, akaniita nije nimwonyeshe kiasi cha boga. Nikamuuliza tunampikia nani. Akasema, "Mbwa wa mtaani hawajaisha."

Tangu hapo tunapika. Tunapeleka kwa mama aliyeweka ile sahani ya tilapia, mbwa wake sasa ana watoto. Kwa mlinzi wa kanisa mwenye mbwa wawili wakonde. Kwa kijana wa pikipiki aliyeokota mmoja mwenye mguu uliovunjika. Hatuuzi. Wengine wanatuletea boga, wengine wanatuletea kopo la makala, basi. Yule fundi anafuga sasa, dume dogo jeusi ambalo bado halina jina. Halipendi sambaza. Linainusa biskuti, linaigeuza kwa pua, linaiacha. Nimemwambia bwana wake tutajaribu maini ya ng'ombe, kidogo tu, maana maini mengi si mazuri, yachemshwe, yakaushwe, yasagwe pamoja na unga. Ameahidi kuleta maini Ijumaa. Mbwa mwenyewe ametimiza miezi mitatu, kwa hiyo Jumatatu tunampeleka kwa daktari apate chanjo ya kichaa, na Baba ameshamtafutia kadi mfuko wa plastiki.